Mboni, Pazia na Mizani

Kijitabu kilichokuja na kamera yangu kimeandikwa katika lugha kumi na moja, na Kiswahili hakimo. Silitaji hili kwa kulalamika. Ila mtu anayejifunza chombo kwa lugha ya kuazima huelekea kukariri: bonyeza hapa, zungusha pale, usiguse kile. Kidole hujua la kufanya, lakini akili haijui sababu. Kwa hiyo nilijiwekea sharti moja: kila nitakachokizungusha nikipe kwanza jina la Kiswahili ambalo bibi yangu angelielewa.

Jicho lilinipa karibu yote. Tundu lililo ndani ya lenzi, linalopanuka na kusinyaa ili kuingiza mwanga mwingi au kidogo, nililiita mboni, kwa kuwa mboni ya jicho hufanya kazi hiyohiyo tunapotoka gizani kwenda juani. Kile kinachofunguka na kufunga mbele ya kipokea mwanga nilikiita pazia. Wahenga walisema macho hayana pazia, nao walisema kweli. Kamera inalo, na laweza kufunguka kwa sekunde nzima au kwa sehemu moja ya elfu nne ya sekunde. Pazia la haraka humnasa mvuvi wavu ukiwa bado hewani. Pazia la polepole huyageuza mawimbi kuwa kama ukungu. La tatu, ambalo kamera huliandika kwa herufi ISO, nililiita wepesi wa kuhisi. Ukiupandisha kutoka 100 hadi 3200, kamera huona hata katika kiza cha alfajiri, lakini picha hujaa chengachenga, mithili ya redio inayokamata kituo cha mbali.

Tarakimu za mboni humtatiza kila anayeanza, kwa sababu mboni ya 16 ni ndogo kuliko mboni ya 4. Siri yake ni kwamba tarakimu hiyo ni kigawanyo: umbali wa fokasi wa lenzi umegawanywa kwa 4, au kwa 16. Mkate ukigawanywa kwa watu wanne, kila mmoja hupata kipande kinene. Ukigawanywa kwa kumi na sita, kila mmoja huambulia chembe. Baada ya kulieleza jambo hilo kwa mkate, sikulisahau tena.

Mpenzi wa mashairi hatapata taabu na linalofuata. Mshororo wa mizani 16 hauwezi kuongezwa silabi upande mmoja bila kupunguzwa upande mwingine. Mwanga nao hupimwa vivyo hivyo. Mboni ya 8 pamoja na pazia la 1/250 huingiza takriban mwanga uleule wa mboni ya 16 pamoja na pazia la 1/60. Mizani imetimia katika zote mbili, lakini maana zimetofautiana: ya kwanza huyagandisha maji yanayoruka, ya pili huonyesha kwa ukali kilicho karibu na kilicho mbali. Mtunzi ndiye anayechagua.

Kamera ina pia hali ya kujiendesha, ambamo hupanga yote hayo yenyewe. Wengi hudhani kwamba katika hali hiyo hakuna uamuzi uliofanyika. Upo. Kipimo cha mwanga hakijui kinachotazama. Hukadiria kwamba mandhari yote, ikichanganywa pamoja, ni ya kijivu cha wastani, kinachorudisha yapata asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Penye weupe mwingi hupunguza mwanga, penye weusi mwingi huongeza. Kukadiria huku kuna historia yenye uchungu. Kwa miongo mingi ya karne ya 20, maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke Mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Sura ya mtu mweusi haikuwamo katika kipimo hicho, na albamu nyingi za wazazi wetu zinaonyesha meno na shati jeupe, uso ukiwa umezama.

Nililiona jambo hili waziwazi huko Busisi, wilayani Sengerema. Kijiji hiki kiko upande wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza, kikitazamana na Kigongo iliyoko Misungwi. Kati yao sasa limelala Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lililozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 19 Juni 2025. Kabla yake watu walivuka kwa kivuko, na kule kusubiri kivuko ndiko kulikowapa wachuuzi wateja. Mama mmoja aliyewauzia abiria sato wa kukaanga kwa miaka mingi aliniomba nimpige picha asubuhi, akiwa amelipa ziwa mgongo, daraja likionekana nyuma yake. Jua lilikuwa linachomoza upande wa Kigongo, na maji yalimeremeta kama bati jipya. Niliiacha kamera ipime yenyewe, kisha nikamwonyesha kioo.

Akakitazama kwa makini. “Mwanangu,” akasema, “ziwa umelipata, na daraja umelipata. Mimi niko wapi?”

Alikuwapo, lakini kama kivuli. Mng’ao wa maji ulikuwa mwingi, na kamera ikaupunguza hadi ufikie kijivu chake. Uso wa mama ndio uliolipa gharama. Kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ambacho huiambia kamera: makadirio yako nimeyasikia, sasa ongeza. Niliongeza hatua mbili, yaani mwanga mara nne. Uso ukajitokeza, pamoja na mikunjo ya kando ya macho na lile tabasamu la kumpima mteja. Maji yakawa meupe kabisa, na daraja likafifia hata nguzo zake zikabaki kama mistari ya penseli.

Ningeweza kumgeuza alielekee jua, lakini angekunja uso, na nyuma yake pangekuwa na ukuta tu. Palihitajika kuchagua: daraja au mama. Picha za daraja zipo tele, zimepigwa hata kutoka angani. Picha ya waliokula jasho lao kwenye foleni ya kivuko ni chache, na foleni yenyewe haipo tena. Kamera ikiachwa ijiamulie, mama huyu atatoweka mara ya pili.

Mjukuu wake, mwenye umri wa miaka kama tisa, aliushika mkono wangu atazame nilichobonyeza. Nilipomwambia kazi yake, hakungoja nimalize. “Kumbe ni kitufe cha uso,” akasema.

BAKITA, iliyoundwa mwaka 1967, ina kazi ya kusanifisha istilahi, na istilahi rasmi ya kitufe hicho nitaipokea kwa heshima. Hadi hapo nitafundisha kwa jina la mtoto huyu, kwa kuwa linamwambia mwanafunzi kitu ambacho kijitabu changu hakikukisema katika lugha zake zote kumi na moja: kitufe hicho kimewekwa kwa ajili ya nani.