Swali Nililokuwa Nikilizunguka

Mwaka wangu wa kwanza katika wodi ya wagonjwa wa akili, huku Pwani ya Kenya, nilihoji nikiwa nimesimama miguuni pa kitanda, faili mkononi. Jina lako? Leo siku gani? Wasikia sauti za watu usiowaona? Dakika kumi, kisha kitanda cha pili. Swali la kujiua nililizunguka: "Lakini huna mawazo mabaya, sivyo?" Nani angejibu kuwa anayo?

Aliletwa binti aliyekunywa sumu. Mamake ndiye aliyejibu: alidhani ni dawa ya kikohozi. Binti alitazama dari. Nikaandika "kwa bahati mbaya", na moyoni najua sivyo. Nilijua pia hofu ya yule mama. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, kifungo chake hadi miaka miwili. Kwa mtu aliyelala pale, kalamu ya muuguzi na kalamu ya polisi zilikuwa moja. Siku ya tatu binti aliruhusiwa kwenda nyumbani, hakuna aliyemuuliza lolote. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kuhoji nilifunzwa baadaye na sista mmoja aliyekaribia kustaafu. Alianza kwa kuvuta kiti karibu na kitanda cha mzee mmoja. Faili akaliacha mezani, jamaa za mgonjwa akawaomba watoke kidogo. Akauliza habari za usingizi, za chakula, nani hukaa naye nyumbani. Alipofika penyewe, hakulipamba neno: "Mtu akielemewa hivi, pengine hutaka kujiua. Wewe, babangu, umefika huko?"

Nilishtuka. Niliamini kwamba kumtajia mtu kujiua ni kumwonyesha njia. Tafiti zimeonyesha kwamba kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Wengi hupata afueni kwa kuulizwa. Mgonjwa akanyamaza, sista naye akanyamaza. Mimi kimya kile ningekivunja haraka. Kikakaa, kikakaa, ndipo yule mzee akasema, "Tangu Ramadhani."

Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu, Nairobi, aliamua kwamba kifungu cha 226 kinakiuka Katiba. Niliisikia habari hiyo kwenye redio, nikamkumbuka binti.

Siku hizi nakaa kitako kwanza. Namwambia mgonjwa mapema nitakayemshirikisha: daktari, na mtu wa nyumbani anayemwamini, iwapo maisha yake yamo hatarini. Siri kamili siahidi, maana nikiahidi kisha nikaivunja hatanena tena. Majibu yake nayaandika kwa maneno yake mwenyewe, hata "moyo umechoka kunibeba", maana nikiyageuza kuwa ya kitaalamu daktari hasikii uzito wake.

Hofu lakini haikuondoka na kifungu. Juzi mama mmoja aliikazia macho kalamu yangu.

"Hayo yaenda polisi, dada?"

"Hayaendi, mama. Ni ya matibabu yako."

Akaniomba nifunge mlango, akaanza.