Duru ya Kwanza Kaa Kushoto

Mwanangu,

Ujumbe wako ulinikuta juzi usiku nikiwa kwenye treni natoka kazini. Nikausoma mara mbili, kisha nikamwonyesha mama mmoja Mkongo tuliyekaa naye kiti kimoja, akafurahi kama vile wewe ni wake. Viza imetoka, alhamdulillahi! Najua mamako ameshaanza kutia achari ya maembe kwenye chupa. Mwambie asijisumbue. Uwanja wa ndege wa huku wana amri kali juu ya vyakula, hata tunda moja ukilisahau mkobani bila kulitaja unatozwa faini.

Sasa swali lako. Umeniuliza kama lile basi la watalii uliloliona kwenye intaneti, la kuzungushwa Melbourne kutwa nzima, lina bei ya haki. Pesa hizo ziweke, utanunulia koti. Kuna tramu namba 35, wenyewe wanaiita City Circle, inauzunguka mji wa katikati kwa mraba na kurudi ilikotoka. Tangu ilipoanza tarehe 29 Aprili 1994 haijamtoza mtu hata senti. Hugusi kadi, huonyeshi tikiti. Unapanda, unakaa.

Nataka nikueleze kwa nini nakuhimiza hivi, maana sijawahi kukusimulia jinsi mimi mwenyewe nilivyouona mji huu.

Nilifika Julai 2009, kipupwe hasa. Kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa kusafisha ofisi upande wa juu wa barabara ya Collins. Nilikuwa nashuka stesheni ya Parliament, ambayo yote iko chini ya ardhi, napandishwa na ngazi za umeme ndefu zisizokwisha, nikitokeza juu ni saa kumi na moja na nusu jioni na giza limeshatanda. Hatua chache, mlango wa nyuma, lifti. Usiku wa manane narudi chini ya ardhi. Mji kwangu ulikuwa mazulia, mapipa ya karatasi na harufu ya sabuni ya sakafu. Ukiniuliza nje kuna nini, nisingejua.

Ikatokea kampuni iliyoniajiri ikatuchelewesha mshahara wiki tatu. Asubuhi moja nikaenda kwenye ofisi yao kuuliza, nikaambiwa njoo Jumatatu. Nikatoka hapo miguu haina nguvu, nikatembea mpaka kwenye jengo la mawe lililo kichwani mwa Collins, nikakaa kwenye ngazi zake. Ndiyo mara ya kwanza kuliona jua likiiangaza barabara niliyoifanyia kazi. Kengele ikalia, ting-ting, nikainua uso, nikaona tramu ya rangi ya damu ya mzee yenye mistari ya dhahabu ikisimama. Nikaenda mpaka mlangoni nikasita. Nikamwambia dereva sina pesa. Akanijibu, "Hii hailipiwi, mama, ingia kuna ubaridi."

Nilizunguka mara tatu siku ile.

Ndani yake ni mbao. Kuta mbao, fremu za madirisha mbao, zimepakwa vanishi mpaka zinang'aa kama mlango wa Lamu uliotunzwa. Katikati ya gari sakafu imeshushwa kidogo, ili mtu apande bila kuinua sana mguu, na ncha mbili za mbele na nyuma ziko juu. Tramu ikisimama kituoni unasikia chini ya miguu yako kitu kinapiga, du-du-du-du, kama moyo wa mtu aliyekimbia: ni mashine inayojaza upepo wa breki. Ikishajaa kinanyamaza ghafla. Nilikuwa naungoja ule ukimya kila kituo, sijui kwa nini ulinituliza.

Magari hayo ni ya aina iitwayo W. Yalianza kuundwa 1923 na ya mwisho yakatoka 1956, zaidi ya 750 kwa jumla. Siku hizi utayakuta yaliyokarabatiwa yamepakwa kijani na krimu, rangi yao ya zamani. Ukipanda, pitisha kiganja kwenye mbao. Wewe unayekuja kusomea usanifu wa majengo utajua haraka kuliko mimi kwamba hiyo ni kazi ya seremala.

Mzunguko wa pili akakaa karibu yangu mzee mmoja Mgiriki, aliyekuwa kondakta zamani, kabla makondakta hawajaondolewa wote mwaka 1998. Aliniuliza nimetoka wapi, nikamwambia Mombasa, akasema meli iliyomleta ilipita bahari yetu. Yeye ndiye aliyenipa hadithi ya reli. Miaka ya hamsini miji mingi ilikuwa inang'oa tramu zake, magari yapate nafasi. Sydney, iliyokuwa na mtandao mkubwa kweli, ilifunga ya mwisho 1961. Melbourne nayo ilishinikizwa. Lakini bodi ya tramu hapa, tangu 1949 mpaka 1970, iliongozwa na Sir Robert Risson, mhandisi wa jeshi, na huyo bwana akawa anazilaza reli ndani ya zege. Anayetaka kuzitoa avunje barabara nzima, na gharama ya kuvunja inamkatisha tamaa. Mzee alipofika hapo akagonga sakafu kwa fimbo yake mara mbili. Leo mji huu una njia za tramu zipatazo kilomita 250, mtandao unaohesabiwa kuwa mkubwa kupita wote duniani.

Mimi namheshimu Risson kuliko wengi waliosimamishiwa sanamu humu. Unajua kwetu nako kulikuwa na reli za mjini? Bibi alihadithiwa na babake: kabla ya motokaa, wakubwa wa Mombasa walikuwa wanakaa kwenye vigari vya kiti chenye kivuli, vijana wanawasukuma mbio juu ya vyuma vyembamba, kutoka Kilindini mpaka upande wa Ngome. Waliosukuma hawakupanda. Ndiyo maana nilipoambiwa "hii hailipiwi" sikuichukulia kama jambo dogo, na mpaka leo siichukulii hivyo.

Basi ukija, panda Flinders Street, tramu inayoelekea magharibi, upande wa bandari. Duru ya kwanza kaa kushoto.

Kushoto utaiona kwanza stesheni ya Flinders Street, ya rangi ya manjano iliyoiva, ilikamilika 1910, na juu ya ngazi zake msururu wa saa, kila saa kwa njia yake ya treni. Nyuma ya stesheni kuna mto. Kwenye ramani umeandikwa Yarra, lakini wenye nchi, Wurundjeri, wanauita Birrarung. Lijue jina hilo kabla hujafika. Mistari ya mji huu ilipigwa na mpimaji Robert Hoddle mwaka 1837, juu ya ardhi ambayo watu walikuwa wakiishi, na hakuna jengo utakaloonyeshwa lenye umri wa kukaribia umri wao hapa.

Hoddle huyo barabara kubwa alizipa upana wa futi 99, karibu mita 30. Ng'ombe na mikokoteni haikuhitaji nafasi yote hiyo. Lakini ndiyo iliyowezesha tramu kukaa katikati na magari kupita pembeni. Halafu uchunge macho kwenye makutano: utaona gari linalotaka kukata kulia limejisogeza kushoto kabisa, limesimama, linangoja taa ibadilike ndipo likate mbele ya wote. Wanafanya hivyo wasiizuie tramu. Wiki ya kwanza nilidhani madereva wamepotea njia.

Kisha unafika Docklands, kwenye maji. Hii ndiyo iliyokuwa bandari. Meli za makontena zilipokuwa kubwa zikahamia chini mtoni, magati yakabaki matupu, na mwishoni mwa miaka ya tisini wakaanza kujenga maghorofa ya vioo. Kweli ni pazuri, lakini mimi huwa sipaonei raha. Babu yako alikuwa kuli Kilindini miaka thelathini, na mimi nikiona gati lisilo na kreni wala mtu aliyejitwisha, naona kama nyumba iliyohamwa. Wewe utapaona kwa macho yako.

Hapo tramu inapinda, inapita La Trobe Street, kushoto bustani ya Flagstaff, kilima walikotwekea bendera kuwasiliana na meli. Mbele zaidi, ng'ambo ya bustani za Carlton, utaona kuba. Simama hata kama tramu imejaa. Ni Royal Exhibition Building, aliyelichora ni Joseph Reed, lilifunguliwa kwa maonyesho makubwa ya 1880. Bunge la kwanza la Australia nzima lilifunguliwa humo tarehe 9 Mei 1901, na mwaka 2004 likawa jengo la kwanza la nchi hii kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia.

Mbele kidogo unaingia Spring Street, na kushoto ni Bunge la jimbo, nguzo zimepangwa kama jeshi. Nalo lilichorewa kuba, ila halijajengwa mpaka leo. Walianza kulijenga miaka ya 1850 kwa jeuri ya dhahabu, maana dhahabu ya Victoria ilipatikana 1851, na pesa ilipokauka miaka ya 1890 mafundi wakaweka chini zana. Bunge la nchi nzima lilipanga humo mpaka 1927, lilipohamia Canberra.

Na baada ya Bunge, lile jengo langu la mawe lenye ngazi. Kumbe lilikuwa hazina ya serikali, Old Treasury, lilimalizika 1862, na chini yake zilijengwa ghala za kuwekea dhahabu. Miezi yote ile nilikuwa nafuta meza hatua chache kutoka hapo na sijui. Sasa sikiliza: aliyelichora ni J. J. Clark, na alipolichora alikuwa na miaka 19. Umri wako. Nilipolisoma hilo nilikukumbuka wewe na yale madaftari yako ya nyumba za Mji wa Kale ulizokuwa ukizichora kibarazani kwa bibi, na ndipo nilipoanza kuweka akiba ya ada yako. Hilo nalo sikuwahi kukwambia.

Tramu ikirudi Flinders Street, usishuke. Hamia kulia.

Kulia ni upande wa ndani ya mji, hapo mambo yanapita haraka na mengine utarudi kwa miguu. Mawili tu usiyaruke. La kwanza ni forodha ya zamani, Customs House, Flinders Street hiyo hiyo. Zamani mizigo ilikaguliwa hapo. Sasa ni makumbusho ya wahamiaji, tangu 1998: masanduku yao, barua zao, maswali waliyoulizwa na maofisa. Zamani wazungu pekee ndio waliokuwa wakitakiwa kuja kuishi, sheria ilipitishwa 1901 na ilidumu miongo mingi, na mle ndani hawajalificha. Mimi nilitoka nje nikakaa nikalia kidogo, kisha nikarudi kumaliza vyumba vilivyobaki. Nenda ukiwa umeshiba.

La pili ni maktaba ya jimbo, pembeni mwa La Trobe, iliyofunguliwa 1856. Shuka hapo siku yoyote utakayojiona mpweke. Chumba chake cha kusomea kina kuba la 1913, meza zimetandazwa kutoka katikati kama miale, na kuingia ni bure pia. Kiingereza changu cha maandishi nimejifunza mle, Jumamosi baada ya Jumamosi, nikiifikia kwa tramu ile ile.

Usiitegemee hiyo 35 ukiwa na haraka, inakwenda kwa utu uzima. Tangu Januari 2015 tramu zote za katikati ya mji ni bure, kwa hiyo ukichelewa darasani panda yoyote ya kisasa. Lakini ukivuka mpaka wa eneo la bure bila kugusa kadi ya nauli iitwayo myki, wakaguzi hawatakusikiliza kuwa u mgeni. Kadi yako nimeshainunua, iko kwenye droo.

Jumamosi ya kwanza ukishapumzika safari, tukutane chini ya zile saa za stesheni, saa nne kasorobo. Watu wa hapa wote huahidiana kukutana hapo, utanikuta kwenye umati. Nitakuja na mahamri na chupa ya chai ya tangawizi. Simu itie mfukoni. Mimi nitakaa kiti cha ndani, wewe dirishani, na sitakuonyesha chochote mpaka uniulize.

Msalimie mamako, na bibi umwambie nimepata ile dawa ya magoti.

Nitaituma kwa mtu anayesafiri mwezi ujao.

Akupendaye,
Mamako mdogo