Majivu ya Kyela katika Tanuri la Stoke

Nilifika Stoke-on-Trent kusomea ufinyanzi Januari 1974, wachimba makaa wa Uingereza wakiwa wamekataa kufanya kazi ya saa za ziada na viwanda vikipewa umeme siku tatu tu kwa wiki. Matanuri ya matofali yenye umbo la chupa, yaliyoutia mji ule masizi vizazi na vizazi, mengi yalikuwa yamekwisha kubomolewa kufuatia sheria ya moshi ya 1956. Sisi wanafunzi tulichomea kwa gesi.

Kufinyanga nilikujua. Nimekulia Kyela, na shangazi yangu aliolewa Ikombe kwa Wakisi, wale ambao vyungu vyao huuzwa gulioni Matema. Nilichokuwa sikijui ni glezi, kile kioo chembamba kinachoyeyukia juu ya chombo. Vyungu vya Wakisi havina. Moto wao wa kuni na nyasi haufikii joto hilo.

Mwalimu alituanzishia hesabu rahisi: feldispa sehemu 40, kwatzi 30, chaki 20, kaolini 10. Ichome hadi nyuzi 1,280 upate kioo kisicho na rangi. Baada ya hapo, shauri yako. Kobalti asilimia moja tu, buluu. Chuma kidogo, kijani hafifu. Kikifika asilimia kumi, weusi unaogeuka kahawia kwenye kingo. Shaba ndiyo iliyowatia wenzangu wazimu. Tanuri likipata hewa ya kutosha, chombo hutoka kijani. Ibane hewa, moto uinyang'anye shaba oksijeni yake, na glezi ileile itatoka nyekundu. Ukibahatisha, unapata rangi ya ini, na nyekundu zetu nyingi, tusidanganyane, zilikuwa maini.

Mimi nilivutwa na majivu. Wafinyanzi wa Japani hutengeneza glezi nyeupe kwa majivu ya pumba za mpunga, ambayo zaidi ya asilimia 90 ni silika. Pumba! Kitu tulichokuwa tukikiruka njiani kwenda shule. Nikaandika nyumbani niletewe. Jibu la shangazi lilikuja kwa mwandiko wa binamu yangu: "Mwanangu, huko Ulaya hakuna majivu?" Lakini kifurushi alikituma, kikaja kwa meli, taratibu.

Niliyaosha majivu yale (maji yake hula ngozi, vaa glovu), nikayachekecha, nikayachanganya na feldispa na majivu ya kuni kwa vipimo sawa. Kibao cha majaribio kilitoka cheupe, kizito, na pale glezi ilipojikusanya kulikuwa na ubuluu kwa mbali. Mwalimu alikigeuzageuza, kisha akaniuliza kama mzigo umebaki.

Mashine za kukoboa za Kyela na Mbarali hazijaacha kumwaga vilima vya pumba. Wewe unayefundisha ufinyanzi Tanzania na kuagiza glezi za ndoo kutoka nje, nenda kwanza mashineni na gunia.