Baba ya Babu Hakutoroka

Kwa karibu miaka themanini, stori ya ushago kwetu Kitui imekuwa hivi: baba ya Babu alienda Keya, akaona dunia, akapata bibi mwingine huko ng'ambo na akasahau watu wake. Nimeisikia matangani, nimeisikia kwenye harusi, na mara moja niliisikia kwenye kesi ya mpaka wa shamba, mzee mmoja akimwambia Babu mbele ya watu wote kwamba mtoto wa mtu aliyetoroka hawezi kujua mpaka uliwekwa wapi. Babu alinyamaza. Ana zaidi ya miaka themanini na bado hilo neno linamnyamazisha.

Kama uko hapa kuskroli tu na unataka jibu, chukua: hakutoroka. Alikufa baharini tarehe 12 Februari 1944, na jina lake liko Ngong Road, hapa hapa Nairobi. Kama una dakika tano, kaa, kwa sababu kuna vitu nataka kusema na wengine wenu hamtavipenda.

Tuanze na Keya, juu najua kuna wasee hapa wanafikiri ni jina la msichana. Keya ni KAR, King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki lililoanzishwa 1902. Wazee walitamka hizo herufi vile walivyozisikia na ikabaki hivyo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wakenya karibu 98,000 waliingia jeshini. Wengine waliingia kwa sababu ya mshahara, wengine walichukuliwa kupitia kwa chifu na hakuna aliyewauliza maoni yao. Na si wote walikuwa KAR yenyewe. Kulikuwa na madereva, wapishi, mafundi, wapagazi, wapiga mizinga. Lakini ushago wote waliitwa watu wa Keya. Weka hiyo kwa akili, tutaihitaji mbele.

Mke wake tulimwita Susu. Mimi sikumpata, alikufa 1991 kabla sijazaliwa. Babu anasema baada ya vita Susu aliitwa ofisi ya DC. Karani akamsomea karatasi kwa Kiswahili, na Susu alijua Kikamba tu. Mtu aliyekuwa nyuma yake kwa foleni akamtafsiria. Akaweka kidole gumba, akapewa pesa kidogo, akarudi nyumbani na neno moja: amepotea.

Hebu sikiza hilo neno vizuri. Kwa lugha ya jeshi, askari akipotea maana yake mwili haujaonekana lakini wanaamini amekufa. Kijijini, mwanaume akipotea maana yake ameenda mjini na hataki kupatikana. Kila familia iko na mmoja kama huyo, usijifanye. Halafu wenzake wakarudi kutoka vitani, na mmoja wao akasimulia kwamba kuna waliobaki Ceylon na wanawake wa huko. Hakutaja mtu. Kijiji kilijijazia jina.

Susu hakuolewa tena. Miaka yote hiyo alichekwa kisimani kwa sababu ya mwanaume aliyekuwa chini ya bahari.

Sasa, Desemba iliyopita tukiwa ushago, Babu akaniita kando. "Wewe si unashinda kwa hiyo simu?" akasema. "Nitafutie kama niko na ndugu huko India." Kwa Babu ng'ambo yote ni India. Hakuwa anataka fidia, hakuwa anataka stori ya ushujaa. Alitaka kujua kama kuna watoto wa baba yake mahali, wamezeeka kama yeye. Anko mmoja akacheka sana: huyu aliyeacha chuo mwaka wa pili, atajua kutafuta nini? Sawa anko. Niliacha chuo, sikuacha kusoma.

Tulianza na sanduku la bati la Susu. Ndani, chini ya leso na picha za ubatizo za watu wengine, kulikuwa na karatasi imekunjwa mara nne. Wino umepauka. Alama ya kidole gumba, zambarau. Jina. Na namba ya jeshi yenye tarakimu mbili zilizoliwa na mkunjo wa karatasi. Na hapo ndipo nilianza kushuku ile stori ya kutoroka, kwa sababu niambie wewe, ni jeshi gani linalipa mke wa mtu aliyelitoroka?

Nilienda Archives. Ndiyo, ile ile ya Moi Avenue, jengo la zamani la Bank of India, ambayo wengi wenu mnaijua tu kama mahali pa kungojea mtu anayesema "niko hapo dakika mbili". Ukiingia utapata faili za wilaya za enzi ya ukoloni. Nilikaa siku tatu. Jina lake sikuliona, lakini niliona vile watu walivyohesabiwa, lokesheni kwa lokesheni, kama magunia.

Mambo yalifunguka mahali pengine. Kuna Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa 1917, ambayo imeweka mtandaoni orodha ya wanajeshi waliokufa kwenye vita vyote viwili. Ni bure, hata hujisajili. Nikaandika jina lake: hakuna. Nikatafuta chini ya KAR: hakuna. Lakini fikiria vile jina liliandikwa. Kijana wa Kitui anasimama mbele ya afisa wa Kizungu na kutamka jina lake. Kikamba kina irabu saba. Mzungu ana kalamu na foleni ndefu, anaandika kile sikio lake linaweza. Kwa hivyo niliachana na jina nikarudi kwa namba. Tarakimu mbili zikikosekana, hayo ni majaribio mia moja tu. Usiku mmoja na thamosi ya chai. Ya sitini na kitu ikatoa mtu.

Jina limeandikwa vibaya, u imekuwa o. Lakini jina la baba yake liko sawa, na imeandikwa Kitui. Na kikosi si KAR. Ni 301 Field Regiment, East African Artillery. Watu wa mizinga.

Ukiwa na kikosi hicho na tarehe hiyo, meli inajitaja yenyewe: Khedive Ismail. Ilitoka Kilindini, Mombasa, mapema Februari 1944 ikiwa kwenye msafara wa meli tano za abiria ukisindikizwa na manowari, kuelekea Colombo. Ndani kulikuwa na watu zaidi ya 1,500, karibu elfu moja wao wakiwa wa kikosi hicho cha 301. Tarehe 12, mchana, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Wajapani inayoitwa I-27 iliipiga torpido mbili. Meli ilizama kwa dakika kama mbili. Soma tena. Mbili. Hujamaliza kupika indomie. Wengi walikuwa ndani na hawakupata hata nafasi ya kuona ngazi. Walikufa watu 1,297. Waliookoka ni wanaume 208 na wanawake sita.

Halafu kuna sehemu ambayo ilinifanya niweke simu chini. Nyambizi ilijificha chini ya mahali ambapo waliookoka walikuwa wanaelea. Manowari za Waingereza zilikuwa na meli nyingine nne za kulinda, kwa hivyo ile inayoitwa Petard ikadondosha mabomu ya kulipuka chini ya maji, hapo hapo, kati ya watu. Nyambizi ilizamishwa baadaye. Hatutawahi kujua kama baba ya Babu alikufa ndani ya meli au alikuwa kwenye maji akingoja kuokolewa na watu wa upande wake. Nimeangalia hilo swali kwa pande zote na sina la kusema. Kamanda angeiacha nyambizi, pengine ingezamisha meli ingine yenye maelfu. Lakini mimi si mtoto wa kamanda.

Stori nyingi za hiyo meli nilizopata zinakaa sana na wanawake 77 waliokufa, wengi wao manesi wa jeshi, na ni haki yao, hilo ni pigo kubwa. Lakini wapiga mizinga wetu wanapita kwa sentensi moja. Namba, koma, tuendelee.

Sasa maoni yangu. Rafiki yangu wa kuhariri video, tena mtu ninayempenda, alisikia hii stori akaniambia: hii tunaiuza kama "Babu Aliyepigana na Wajapani Burma". Tuweke milio ya risasi, msitu, sauti nzito. Itatrendi. Na ukweli ni kwamba ingetrendi. Wakenya walipigana Burma kweli, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw kwenye mvua na malaria mwaka 1944, na wengine wao hawana kaburi hadi leo. Waruhiu Itote alipigana huko kabla ya kuwa General China wa Mau Mau. Hizo stori ziko na wenyewe. Baba ya Babu hakuwahi kuiona Burma. Hakuwahi kumpiga Mjapani hata mmoja. Alikuwa kijana ndani ya meli, mchana.

Na mimi nasema hiyo inatosha kusimuliwa vile ilivyo. Familia yetu imeteswa na stori ya uongo kwa karibu miaka themanini, halafu mimi nitoe hiyo niweke uongo mwingine wenye muziki mzuri? Juu ya kiki? Aah, zii. Mtu akifa kwenye meli na wewe umuandikie ushujaa wa msituni, umempoteza mara ya pili.

Kingine. Kila tukizungumza vita vya Wazungu, komenti zinajaa "Mwingereza atulipe". Niko na nyinyi, askari Waafrika walilipwa kidogo kuliko Wazungu waliofanya kazi hiyo hiyo, na hilo halikuwa siri. Lakini ni wangapi kati yenu mmemuuliza shosho jina la aliyeenda? Jina kamili, kijiji, jina la baba yake? Hao wazee wanaondoka na hayo majina, na bila jina hakuna faili utakayoomba. Vita vya Kwanza vilikuwa vibaya zaidi. Mwaka 2021 hiyo Tume yenyewe ilikubali kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao popote au hawakukumbukwa kabisa. Kariakor unayonunua viondo imepata jina kutoka kwa Carrier Corps, wapagazi wa vita hivyo. Ukilinganisha na hao, sisi tulikuwa na bahati. Tulikosewa herufi moja.

Nilienda Ngong Road kabla ya kumwambia Babu. Ukipita Junction ukielekea Karen kuna makaburi ya vita, Nairobi War Cemetery, na ndani yake kuna East Africa Memorial, ya wale wasio na kaburi. Nimepita hapo na matatu pengine mara mia mbili. Kuingia ni bure na siku hiyo kulikuwa na mimi na mtu anayekata nyasi. Wanaume wa 301 wako hapo mamia, na kumbuka wengi wao wana watu mahali ambao bado wanaambiwa "alipotea". Nilimpata. Nikapiga picha mbili, moja ya karibu na moja ya mbali, ili Babu aone hayuko peke yake.

Kitui nilimwonyesha kwa simu, nikikuza herufi. Nilimwambia yote, hata ile ya mabomu. Nilikuwa nimefikiria kumficha hiyo sehemu, lakini huyu mzee amefichwa vya kutosha. Kitu cha kwanza aliuliza: "Kwa hivyo sina ndugu India?"

"Huna, Babu."

Akakaa. Naapa alionekana kama amepoteza mtu, na nikaelewa kwamba wale ndugu alikuwa amewaweka akilini tangu akiwa mtoto, labda hata aliwapa majina. Halafu akauliza meli ilichukua muda gani kuzama. Nikamwambia dakika mbili. Akasema, "Mama alimngoja mpaka 1991," akaomba aletewe miwani yake aangalie tena.

Ndipo alipoiona ile o. Hakuipenda hata kidogo. Jina na o ndani yake, kwetu, ni jina la mtu mwingine kabisa, wa mbari nyingine. Tume inakubali marekebisho ukiwa na ushahidi, kwa hivyo tumepiga picha karatasi ya Susu yenye kidole gumba na kuituma pamoja na barua ya Babu, aliyoisema kwa Kikamba nikaiandika. Bado tunangoja jibu. Kila Jumapili baada ya kanisa ananipigia, hata salamu hamalizi, kuuliza kama hao watu wamebadilisha hiyo herufi.