Mama wa sikio moja, Mwadingusha

Mwadingusha – Jioni habari zinapoanza, mama mmoja husogeza redio upande wa kuume. Sikio la kushoto limeziba kidogo kidogo, tangu miaka miwili sasa. Alikimbia Mitwaba wakati wa mashambulio ya Mai-Mai Bakata Katanga. Redio ndiyo inamletea habari za kwao.

Hapa uziwi si jambo geni. Santrale ya mto Lufira inatoa umeme tangu 1930, na wazee waliokaa karibu na mashine wanajua kelele inavyokula masikio. Lakini kelele hula yote mawili, na mama huyu hakuingia santrale hata siku moja.

Jirani alimtilia mafuta ya moto. Mkwe alichokonoa kwa kijiti, damu ikatoka. Wengine, kama kawaida, wakataja ulozi.

Muuguzi alimulika kwa tochi akaona kitu cha mviringo, laini, kimefunikwa na ngozi. "Mama, hii si nta. Usiichokonoe tena." Akaandika karatasi ya kwenda Likasi kwa mganga wa masikio.

Inaweza kuwa mambo mengi. Mara nyingi sikio huzibwa na nta, usaha, au mbegu ya mahindi kwa watoto. Mara chache sana ni uvimbe wa ganda la mshipa wa fahamu. Mshipa huo ni kama waya wa umeme: una ganda lake. Theodor Schwann, Mjerumani aliyefundisha baadaye Louvain na Liège kule Ubelgiji, ndiye aliyeeleza chembe za ganda hilo mnamo 1839. Uvimbe wake unaitwa shwanoma. Ukigusa sikio, kwa kawaida hukaa ndani kabisa, kwenye mshipa wa kusikia na usawa. Kukaa katika tundu la nje ni nadra mno. Hukua polepole, kwa kawaida si kansa, lakini huziba njia na sauti haifiki kwenye ngoma ya sikio. Macho hayatoshi kuutambua: lazima kipande kitazamwe kwa hadubini. Ukitolewa wote, njia hufunguka.

Mama anaogopa kisu. Anaogopa zaidi kumaliza franka za shule ya wajukuu. "Nikipona sikio, wao watasoma na nini?" aliuliza binti yake, na binti hakujibu.

Karatasi iko katika mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya kura. Siku ya Posho, gari la samaki la kwenda Likasi limemwekea nafasi.