Mkia wa Kielezi: Kiingereza cha Darasani na Kiingereza cha Ughaibuni

Katika shule nyingi za Tanzania na Kenya, kivumishi cha Kiingereza, yaani neno linaloeleza sifa ya nomino, na kielezi, yaani neno linaloeleza jinsi kitendo kinavyotendeka, hufundishwa kama jozi zinazotofautiana kwa kiambishi kimoja tu: mwanafunzi huelekezwa aongeze "-ly" kwenye "slow" apate "slowly", akariri vighairi vichache kama "good" na "well", kisha ajaze mapengo. Mwalimu mwenye darasa lililofurika hawezi kulaumiwa kwa kuchagua zoezi linalosahihishika upesi, lakini zoezi hilo humzoesha mwanafunzi kukitambua kielezi kwa mkia wake badala ya kazi yake katika sentensi.

Mtu aliyefunzwa hivyo akifika Marekani hukuta mabango ya barabarani yaliyoandikwa "drive slow", husikia wenyeji wakisema "real good" mahali ambapo kwao angekatwa alama, na huenda akakumbuka kwamba mwaka 1997 kampuni ya Apple ilijitangaza kwa maneno "Think Different", yasiyo na "-ly" yoyote. Ni rahisi kuhukumu kwamba wenye lugha wameiharibu, ila historia haiungi mkono hukumu hiyo. Kiingereza cha kale kiliunda vielezi vingi kwa kuongeza irabu "-e" mwishoni mwa kivumishi, na irabu hiyo ilipoacha kutamkwa, kielezi na kivumishi vikabaki na umbo moja, kama ilivyo hadi leo kwa "fast" na "hard". Waandishi wa karne ya 18 walitumia maumbo hayo bila haya, mpaka wanasarufi kama Robert Lowth, ambaye kitabu chake cha sarufi kilitoka London mwaka 1762, walipoyakosoa. Kwa hiyo kanuni inayosimamiwa kwa wino mwekundu nyumbani ni ya wanasarufi hao zaidi kuliko ya wasemaji, ingawa katika barua ya kazi au insha ya chuo, huko huko ughaibuni, bado inadaiwa.

Ugumu mkubwa zaidi, ambao mazoezi ya kujaza mapengo hayaugusi, uko kwenye vitenzi vya hisi na mwonekano. Kiswahili husema "chakula kinanukia vizuri" na "najisikia vibaya", kikitumia kielezi chenye kiambishi "vi-", ilhali Kiingereza mahali hapo hutaka kivumishi, "the food smells good", kwa sababu sifa inarudi kwa chakula chenyewe wala haielezi namna ya kunusa. Anayehamisha muundo wa Kiswahili akaandika "smells well" huwa amekipa chakula pua yenye ustadi. Hata hivyo, Kiswahili hakikosi tofauti hiyo: "binti anaonekana mzuri" humsifu binti, na "binti anaonekana vizuri" humaanisha tu kwamba hakuna kinachomziba. Mwalimu angeanzia kwenye jozi hii, ambayo watoto wengi wanaijua kabla ya kuingia darasani, "look good" na "see well" zingeeleweka kwa kipindi kimoja. Wenyeji nao hawajasalimika, kwani Wamarekani wengi waliosoma husema "I feel badly" wakidhani "-ly" inaongeza adabu.

Neno "sana" nalo lina mtego wake, maana huwekwa baada ya kitenzi na baada ya kivumishi vilevile, na Kiingereza hugawa kazi hiyo kati ya "very" na "very much". Ndiyo asili ya "I very like" na "I am very much happy", ambazo msikilizaji huzielewa na kuziacha zipite.

Kupita huko ndiko tofauti kuu ya mazingira haya mawili. Nyumbani kosa husahihishwa hata pale lisipoharibu maana. Ughaibuni, mfanyakazi mwenza huona ni utovu wa adabu kumsahihisha mtu mzima, na kosa huzeeka naye. Mengi hayana madhara, ila "hardly" ni la kuogopwa, kwa kuwa si kielezi cha "hard" bali humaanisha "kwa nadra mno" au "karibu na kutofanya kabisa". Tuseme mhudumu wa zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee Uingereza anataka kuripoti kwamba mgonjwa alikohoa kwa nguvu, akaandika "he hardly coughed all night". Sentensi hiyo haina kosa lolote la kisarufi la kumshtua msomaji, na muuguzi wa asubuhi atakayeisoma ataamini kwamba mgonjwa hakukohoa, kisha atageukia faili la chumba kinachofuata.