Saa Kumi, na Giza Limeshaingia

Desemba 2024 nilizunguka Ulaya kwa siku 12. Miji minne: Berlin, Prague, Vienna na Zürich. Kila ninayemwambia huuliza swali lile lile: kwa nini Desemba? Kwa nini msingoje Juni, jua linawaka na mikahawa imetoa meza nje?

Jibu ni kwamba safari haikuwa yangu. Ilikuwa ya rafiki yangu, tuliyesoma naye sayansi ya tarakilishi chuoni kisha tukaketi meza moja kazini Nairobi kwa miaka mitatu. Kampuni moja ya Berlin ilikuwa imempa kazi, na barua ilimpa hadi mwisho wa Januari ajibu. Mama yake, anayeishi Voi, alimwambia neno moja tu: nyumba ya kupanga usiikague siku ya jua, ikague siku ya mvua. Basi tukaenda kuikagua Ulaya siku ya mvua.

Mimi nilikuwa msindikizaji. Kazi yangu ilikuwa kusoma ramani, kubeba chaja, na kutotoa maoni mpaka niulizwe.

Kwanza visa, kwa wale watakaouliza. Visa moja ya Schengen inatosha nchi zote nne. Ni kama kuingia kwenye akaunti moja ikakufungulia tovuti zote. Jamhuri ya Czech ilijiunga na utaratibu huo 2007 na Uswisi 2008, ingawa Uswisi si mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Lazima uwe na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Baada ya hapo mpaka unapungua mpaka unausahau. Tulijua tumeingia Czech pale rununu zetu zilipopokea ujumbe wa kutukaribisha.

Berlin

Baridi tulikuwa tumeonywa. Sweta zilikuwepo, jaketi zilikuwepo, na upepo ulipita katikati ya vyote viwili kama hauvioni. Ambacho hakuna aliyetuonya ni saa.

Berlin iko nyuzi 52 kaskazini mwa ikweta. Katikati ya Desemba jua huchomoza huko baada ya saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi alasiri. Mchana mzima haufiki saa 8, na hata huo mara nyingi umefunikwa na wingu la kijivu. Sasa fikiria saa kumi katika lugha yetu. Saa kumi ni chai. Ni watoto wanatoka shule, kivuli kimeanza kurefuka lakini jua bado lina nguvu. Saa kumi haina uhusiano wowote na giza.

Siku ya pili Mama alipiga simu ya video.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Huko ni saa ngapi?"

"Saa kumi na robo."

"Usiku?"

"Alasiri, Mama."

Akanyamaza kidogo. "Mimi hapa ni saa kumi na mbili na robo na kuku bado wako nje. Nyinyi saa kumi mmeshawasha taa?"

Mwenzangu alicheka, lakini baada ya simu alikaa kimya kwa muda.

Kesho yake tulienda Deutsches Technikmuseum kuiona Z1. Hii ni mashine ya kuhesabu iliyotengenezwa na Konrad Zuse kati ya 1936 na 1938, katika nyumba ya wazazi wake hapo hapo Berlin. Ilifanya hesabu kwa 0 na 1, kama tarakilishi unayotumia sasa, ila badala ya vijisakiti ilikuwa na maelfu ya vipande vyembamba vya bati vinavyosukumana. Mabomu ya vita yaliiharibu 1943. Zuse akiwa mzee aliijenga upya katika miaka ya 1980, na hiyo ndiyo inayosimama pale leo. Ni kubwa kama kitanda cha watu wawili. Mwenzangu aliizunguka mara tatu, kisha akasema, "Hata huyu alianzia sebuleni kwa mzazi." Sikujibu. Nilikuwa bado sijaulizwa.

Jambo jingine la Berlin ni treni za mjini. Hakuna geti, hakuna makanga. Unanunua tikiti, unaigonga muhuri mwenyewe, unapanda. Siku nyingi hakuna anayekuuliza. Wakaguzi hupanda wakiwa na nguo za kawaida, na ukikutwa bila tikiti faini ni yuro 60. Mfumo umejengwa juu ya uaminifu, halafu uaminifu ukawekewa faini ya kuusaidia.

Prague

Treni ya Prague hufuata mto Elbe, na safari ni ya zaidi ya saa 4. Tulifika tukaenda moja kwa moja kwenye saa kubwa ya mji, Orloj, iliyo ukutani mwa jumba la zamani la halmashauri. Sehemu zake za kwanza zilitengenezwa 1410 na fundi Mikuláš wa Kadaň, na bado inafanya kazi.

Watalii husubiri vinyago vya mitume vitokee dirishani. Sisi tulisimama kwa sababu nyingine. Saa hii inaonyesha hesabu kadhaa za wakati kwa pamoja. Kuna namba za Kirumi, ambazo ni saa za kawaida. Kuna pete ya nje yenye namba 1 hadi 24, ambazo ni saa za kale za Wacheki: hizo zinaanza kuhesabiwa jua linapotua, na pete yenyewe husogezwa mwaka mzima ili ilifuate jua. Halafu kuna mistari ya dhahabu iliyopinda, inayogawa mchana vipande 12, tangu jua kuchomoza hadi kutua.

Mwenzangu alinishika mkono. "Bwana, hii si ni saa yetu?"

Na kweli. Saa moja asubuhi kwetu ni saa ya kwanza tangu jua litoke, na saa moja usiku ni ya kwanza tangu litue. Wazee wa pwani huanza siku mpya magharibi, si usiku wa manane. Mcheki wa karne ya 15 na mzee wa Lamu wangeelewana bila mkalimani.

Tofauti ni moja. Mistari ile ya dhahabu hugawa mchana vipande 12 hata mchana ukiwa mfupi. Katikati ya Desemba, kipande kimoja pale Prague ni kama dakika 40. Katikati ya Juni kinapita dakika 80. Kwetu, karibu na ikweta, mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima. Ukigawa mchana kwa 12 unapata dakika 60, na ukitumia saa ya ukutani unapata dakika 60. Njia mbili, jibu moja. Hatukuwahi kulazimika kuchagua kati ya saa ya jua na saa ya mashine, kwa sababu kwetu hazijawahi kugombana.

Kila mwandishi wa programu anaijua hali hii. Unaandika kitu kikafanya kazi miaka kumi, na ndani yake kuna dhana ambayo hukuiandika popote. Siku unapoipeleka programu mahali pengine ndipo dhana inajitokeza. Mwenzangu aliitazama saa ile akasema, "Sasa mimi ndiye programu."

Ushauri mdogo hapa: baridi hunyonya betri. Kemia ya betri za lithiamu hupunguza mwendo katika baridi, na rununu yangu ilizimika ikiwa bado na asilimia 30. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, na chaji nyingi itarudi. Glavu za kawaida nazo haziwezi kubonyeza kioo, kwa sababu kioo hutegemea umeme mdogo wa ngozi ya kidole.

Vienna

Vienna tulilala usiku mmoja tu, lakini nilitaka kuona sehemu moja: Spittelau. Kwa nje ni jengo la rangi rangi lenye mnara uliovishwa tufe la dhahabu, mapambo ya msanii Hundertwasser, yaliyokamilika 1992. Kwa ndani ni tanuri la taka. Linachoma takriban tani 250,000 za taka za mji kwa mwaka, na joto lake hupelekwa kama maji moto kwenye mabomba ya chini ya ardhi hadi zaidi ya nyumba 60,000. Moshi huchujwa kabla ya kutoka. Liko katikati ya mji, karibu na stesheni ya treni, na watu hupita chini yake wakienda kazini.

Sisi tunaotoka Nairobi tunaijua Dandora, kwa hivyo tulisimama pale muda mrefu kuliko watalii wengi. Chumbani jioni, mwenzangu aliweka mkono kwenye bomba la ukutani. Lilikuwa moto. "Taka za jirani," akasema.

Zürich

Treni ya usiku ilituacha Zürich asubuhi, gizani bado. Katika kila stesheni ya Uswisi kuna saa nyeupe yenye mkono mwekundu wa sekunde. Muundo wake ulibuniwa na mhandisi Hans Hilfiker 1944, na mkono mwekundu ukaongezwa miaka ya 1950. Uangalie vizuri mkono huo. Unazunguka kwa takriban sekunde 58 na nusu, ukifika juu unasimama, unasubiri kama sekunde moja na nusu, kisha unaendelea. Unasubiri ishara ya umeme kutoka saa kuu. Kila saa ya stesheni ina haraka kidogo kwa makusudi, ili kila dakika iweze kusimama na kuzingoja nyingine.

Hii ni njia nzuri ya kuoanisha mashine nyingi. Huhitaji kila mashine iwe sahihi kabisa. Unahitaji zikubaliane kungojana.

Ukitaka kuona makubaliano yakivunjika, kumbuka 2018. Saa nyingi za jikoni na za kengele Ulaya huhesabu mawimbi ya stima, ambayo ni 50 kwa sekunde. Kati ya katikati ya Januari na mapema Machi mwaka huo, mzozo kati ya Serbia na Kosovo ulifanya umeme wa kiasi cha gigawati-saa 113 ukosekane kwenye gridi ya pamoja. Mawimbi yakashuka hadi wastani wa 49.996. Kidogo sana, sivyo? Lakini saa hizo zikachelewa karibu dakika 6, katika nchi 25. Mtu wa Uhispania alichelewa kwa sababu ya ugomvi asioujua.

Uamuzi

Jioni ya mwisho, kando ya ziwa Zürich, hatimaye aliniuliza. "Ungekuwa wewe?"

Najua wasomaji wengine wako kwenye hesabu hii hii, hasa tangu Kenya na Ujerumani zilipotia saini mkataba wa ajira na uhamiaji mjini Berlin, Septemba 2024. Nilimwambia nilichokiona. Kazi ni nzuri na mshahara ni mzuri. Stima haipotei, treni inafika, nyumba ina joto. Lakini joto la nyumba linatoka kwenye bomba. La watu utalitafuta mwenyewe, saa kumi, gizani, ukiwa umechoka. Ukiweza kulitafuta, nenda. Ukijua wewe ni mtu wa kungoja kugongewa mlango, usiende, maana hautagongwa.

Akafikiri. "Na Mama?"

Hilo sikuwa na jibu lake, na nilimwambia hivyo.

Alitia saini Januari 2025, akaondoka Aprili.

Kabla hajaondoka tulipanga simu ya kila Jumamosi: yeye, mimi na Mama. Nani aiweke kwenye kalenda? Kenya iko saa 3 mbele ya UTC mwaka mzima. Berlin iko saa 1 mbele wakati wa baridi na saa 2 wakati wa joto, na hubadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Ukiiweka simu kwa saa ya Berlin, Mama atasogezwa mara mbili kila mwaka bila kuelewa kwa nini. Ukiiweka kwa saa ya Voi, atakayesogezwa ni mwanawe. Kwa hivyo wewe unayeandika programu za miadi, usihifadhi UTC peke yake. Hifadhi saa ya mahali pamoja na jina la ukanda wake, na kabla ya hapo uliza swali ambalo tarakilishi haiwezi kukuulizia: miadi hii inafuata saa ya nani?

Mwenzangu alichagua mwenyewe. Africa/Nairobi, Jumamosi, saa moja usiku, kuku wakiwa wameshaingia bandani. Wakati wa joto simu humkuta saa kumi na mbili jioni, jua likiwa bado juu. Wakati wa baridi humkuta saa kumi na moja, na kote kuwili kunakuwa giza. Mama sasa amezoea. Siku hizi haulizi huko ni saa ngapi, anauliza kama umekula.